Feni Mpya kwenye Jiko la Mama Careen

Jumatatu, 7 Julai 2025

Loth amenunua jiko jipya la peleti. Najua kwa sababu amelipitisha mbele ya mlango wangu, kalibeba begani, taratibu, wakati njia ya kwake ni ile ya chini kwenye mfereji na ni fupi zaidi. Mimi nilikuwa uani. Nikajitia hamnazo, nikawa naangalia kuku. Akasalimia, nikaitikia. Akalishusha, ati apumzike kidogo. Jirani huyu huyu jana kapandisha mkungu mzima wa ndizi bila kupumzika hata mara moja.

Lina kitufe chekundu. Lina kasi tatu za feni. Lina tundu la kuchajia simu. Jiko la kuchajia simu! Nimemwambia ni zuri, na neno hilo limenikaa kooni mpaka saa hii ninayoandika.

La kwetu lina miaka sita. Lililetwa na mradi mmoja uliokuja kugawa majiko kwa watu wenye matatizo ya kifua, na mke wangu Eliakunda alikuwa wa kwanza kwenye orodha, maana daktari wa zahanati alishamwambia moshi wa kuni unammaliza. Alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Tangu lije hilo jiko kikohozi kimeondoka, na sasa anaimba sauti ya pili kwaya ya usharika. Sikatai, limefanya kazi. Unajaza peleti kwenye kopo la ndani, hivi vijiti vifupi vya vumbi la mbao na pumba za mpunga, unawasha kwa juu, feni inapuliza kwa chini, moto unatoka wa bluu na moshi hakuna. Kopo moja linakwenda saa moja na nusu. Sharti ni kwamba huwezi kuongeza peleti moto ukiwa unawaka. Zikiisha unatoa sufuria, unamwaga majivu, unajaza upya, unawasha upya.

Lakini ni la zamani. Feni ya mradi, betri ya mradi, kopo la mradi. Nimefikiri mchana kutwa. Mtu mwenye akili hanunui jiko jipya, anabadilisha vipuri. Naweka feni mpya, betri mpya, kopo jipya, halafu la Loth libaki kuchajia simu.

Nimemweleza Eliakunda. Kasema jiko haliumwi. Nikasema hata simu haziumwi na watu wanabadilisha kila mwaka. Akaniambia, Baba Careen, shika chochote katika nyumba hii, jiko langu usiguse. Nimekubali. Kwa mdomo.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia Mama Careen naenda Same kupima macho. Si uongo mkubwa, macho yalikuwemo safarini.

Gari la asubuhi limetuteremsha kwenye korongo, dakika kumi tu kutoka kwetu. Barabara imekatika hapo tangu masika. Abiria wote tunashuka, tunavuka kwa miguu, dereva anapita pembeni anasali. Jumamosi kuna msaragambo wa kujaza mawe, kila nyumba itoe mtu na jembe. Nilipolitazama lile korongo mgongo ukaanza kuuma hapo hapo. Lazima nitafute udhuru.

Same joto. Huku juu tumevaa masweta, kule mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo. Nimekwenda kwa fundi Anderson karibu na stendi, kijana wa Lembeni anayetengeneza redio na sola. Ana heshima. Shikamoo mzee, karibu kiti. Nikaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu, yaani si shida, mpango.

Anayo feni iliyotoka kwenye kompyuta. Volti kumi na mbili! Ile ya mradi inapuliza kama mtoto anayepoza uji. Hii ukiisogelea inakuvuta shati. Betri kanipa ya pikipiki. Kopo la ndani analo la bati nene, pana kidogo kuliko letu, kasema nikilipiga tupa litaingia. Mpaka hapo tunaelewana vizuri.

Ndipo akaanza maneno. Kwanza, paneli yetu ya sola ni ndogo, betri ya pikipiki itachukua siku nyingi kujaa. Pili, feni kali namna hiyo lazima ifungiwe swichi ya kupunguza kasi, la sivyo itakula peleti zote kabla maharage hayajashtuka. Nikamwambia, kijana, mimi nimesimamia mizani ya malori ya jasi pale Makanya miaka kumi na tisa. Lori linapanda na tani thelathini. Hakuna mtu aliyewahi kunishauri nipunguze mizani.

Hakubishana. Kachana karatasi ya daftari, kaandika kwamba mimi Hezroni nimeshauriwa kuchukua swichi na nimekataa kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Akanipa kalamu. Ati watu wa milimani anatujua, mtu wa Chome akiungua kidole anaanzia baraza la kata. Yeye mwenyewe Mpare, babu yake alikaa kwenye kesi ya mfereji miaka kumi na minne, kwa hiyo ana haki ya kuogopa. Nimesaini. Tena saini nimeiwekea mkia mrefu.

Nyumbani Eliakunda kauliza miwani iko wapi. Nimesema mtaalamu kaniambia macho ni mazima. Kauliza na hilo boksi. Nimesema ni la mtu.

Jumatano, 9 Julai

Eliakunda ana mazoezi ya kwaya Jumatano saa nane. Saa nane na dakika mbili nilikuwa na bisibisi mkononi.

Skrubu kumi na moja zimetoka. Nimezipanga pembeni ya ungo wa maharage aliokuwa anachambua, ili zisipotee. Feni ya zamani nimeitupa migombani, na kopo lake, na betri yake. Kopo jipya limegoma kuingia. Nimelipiga tupa nusu saa, limegoma. Nimelipiga nyundo, likaelewa. Skrubu zilizorudi ni nane. Tatu sizioni. Jiko limesimama vizuri bila hizo tatu, maana yake hazikuwa na kazi.

Nikawasha.

Kwanza sauti. Kuku wote wametoka uani. Halafu cheche, halafu moto, umepanda mpaka usawa wa kifua changu, mweupe. Nyusi ya kushoto sina tena. Lakini sufuria ya chai imechemka kwa dakika nne. Nne! La Loth linachukua tisa, nimelipima jana jioni kutoka kwenye ua, nikiwa na saa mkononi.

Nimemwita Loth aje aone. Kaja na mke wake Beatrice. Nimechemsha mbele yao. Loth katazama jiko, katazama nyusi yangu, kasema hongera, lina nguvu. Uso ulimshuka, hata kama alijitahidi. Siku nzuri sana. Sijawa na siku kama hii tangu nistaafu.

Peleti ziliisha dakika ya ishirini. Hilo ni jambo dogo.

Mama Careen alirudi saa kumi na moja, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele, na ningependa apige. Aliuliza feni yake iko wapi. Nikamwonyesha migombani kwa kidevu. Akatoka, akakaa huko kitambo, akarudi ameshikilia kitu kwenye upindo wa khanga. Sikuuliza. Nilimwambia tu maji sasa ni dakika nne. Akasema yeye hapiki maji.

Alhamisi, 10 Julai

Udhuru wa korongo nimeupata, na umetoka jikoni kwangu mwenyewe.

Msaragambo wa Jumamosi utakuwa na watu arobaini, na wanakula makande. Kawaida akina mama watatu wanagawana, kila mmoja anapika sufuria yake nyumbani. Safari hii ni zamu ya Eliakunda, Beatrice na Mama Saada. Nimekwenda asubuhi kwa mwenyekiti wa kitongoji, Fanueli, nikamweleza kwamba kuna jiko la kisasa kwangu ambalo peke yake litapika makande ya watu wote arobaini katika sufuria moja. Wale akina mama wengine wapumzike. Ila jiko la namna hiyo linahitaji mtaalamu kulisimamia, na mtaalamu hawezi kuwa jikoni na korongoni kwa wakati mmoja. Fanueli kafikiri kidogo. Kasema sawa, kwa kuwa hata hivyo hakumbuki ni lini aliniona na jembe. Maneno hayo hayakuwa na lazima.

Jioni nikafanya majaribio, sufuria ndogo ya makande ya sisi wawili. Makande yanataka saa tatu. Nilipiga hesabu: kama chai ya dakika tisa kwa Loth kwangu ni nne, makande yatatoka saa tatu mpaka saa moja na dakika ishirini. Hesabu haina kosa. Makande ndiyo yana kosa. Kopo la kwanza la peleti likaisha, nikatoa sufuria, nikajaza, nikawasha. La pili likaisha. La tatu likaisha. Chini mahindi yameungua yamekuwa lami, juu maharage yanagonga mwiko kama kokoto.

Eliakunda katoka nje, kawasha mafiga, kapika ugali kwa kuni. Nilimsikia anakohoa kutoka ndani. Kile kikohozi cha zamani. Nilidhani kilishakufa.

Tukala. Baadaye alizungumza, bila kupandisha sauti. Kasema sikiliza, Baba Careen. Jumamosi kama makande hayo hayajaiva bila moshi, Jumapili tukitoka ibadani napanda gari nakwenda Lembeni kwa Careen. Careen ana gesi, na nimeshampigia. Nikamuuliza utakaa siku ngapi. Akasema mpaka hapo patakapokuwa na jiko.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kulala nyumba hii peke yangu. Sijui hata chumvi inakaa wapi.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi ili iishe.

Nimempigia Anderson. Kasema swichi ipo, nije niichukue. Nije na nini? Ukungu umeshuka tangu juzi, gari leo halijaondoka, dereva kasema korongo halioni. Nimemwambia Anderson angenilazimisha kuichukua siku ile ile. Kasema karatasi anayo.

Haya, nikabuni mwenyewe. Tatizo ni upepo kuwa mwingi, kwa hiyo nizibe mdomo wa feni nusu. Nimeuziba kwa soksi. Soksi imeungua, ya sufu, nzuri. Nikaziba kwa kifuniko cha kopo la maziwa. Moto ukashuka, nikafurahi. Halafu ukashuka zaidi, ukawa moshi. Sijawahi kuona moshi wa namna ile hata kwenye tanuri la matofali. Umejaa jikoni, umeingia sebuleni, umetoka kwa juu ya bati. Fanueli katuma mtu kuuliza kama nyumba inaungua.

Eliakunda kachukua ungo wake wa maharage kaenda kukaa kwa Loth. Kwa Loth! Nimemwona kutoka kwenye ua anakunywa chai iliyochemshwa kwa kitufe chekundu. Beatrice alikuwa anamcheka mtu fulani, na sidhani kama ni mtu wa mbali.

Baadaye Loth mwenyewe kaja mpaka mlangoni, kwa adabu zake. Kesho alete jiko lake, liwe la akiba? Nimemwambia asante, mtaalamu hafanyi kazi na akiba. Akasema haya. Huyu mtu hajui hata kugombana vizuri.

Eliakunda karudi na skrubu moja. Ilikuwa kwenye maharage. Kaiweka mezani mbele yangu, kaenda zake.

Kifuniko nimekitoa. Kesho nitakwenda na nguvu yote.

Jumamosi, 12 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi sufuria ya usharika imefika, ile ya harusi, imebebwa na watu wanne. Mahindi, maharage, maji. Imekaa juu ya jiko, jiko limepotea chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Nimewasha. Ngurumo. Wanaume wamekwenda korongoni, mimi nimebaki jikoni na taulo begani. Nilijisikia vizuri mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Peleti zimeisha. Kutoa sufuria. Mimi peke yangu? Hata kuitikisa siwezi. Nikamtuma Mama Saada korongoni awaite wale wanne. Wakaja, wakainua, nikamwaga majivu, nikajaza, nikawasha, wakashusha, wakarudi. Dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi. Hawajajaza mawe ya dakika kumi, peleti zimeisha.

Mara ya tatu wakasema hawarudi tena, watasubiri hapa hapa ukutani. Mara ya nne wakawa wamechoka, wakaitwa wanne wengine wa kuwapokea. Halafu wengine wakaja kuona kwa nini wenzao hawarudi. Saa nne, watu ishirini na tano walikuwa uani kwangu, wamekaa juu ya majembe yao, wanasubiri kuinua sufuria. Fanueli kaja mwenyewe, kahesabu watu, kauliza kwa upole kama msaragambo umehamia hapa. Nikamwambia ni suala la mpito.

Mara ya saba feni ikaanza kulia, sauti inashuka, inashuka, kama mtu anayesinzia kanisani. Ikanyamaza. Betri kwisha. Ukungu siku tatu, paneli haijaona jua. Peleti zikabaki zinafuka tu, na ule moshi wa jana ukarudi. Nikafungua mfuniko. Maharage magumu. Watu arobaini wenye njaa.

Loth akaja mbio na jiko lake la kitufe. Likawekwa chini ya sufuria, sufuria ikayumba, wakaliondoa haraka lisipondeke. Ni la sufuria ya watu sita. Hata hilo halikunifurahisha.

Ndipo Eliakunda akajifunga khanga, akaenda nje kwenye mafiga, akaanza kupanga kuni. Hakunitazama. Akainama kupuliza. Kikohozi kikamshika, akashika ukuta, kama zamani.

Sijui nini kilinipata. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye benchi kando ya Beatrice upande ambao upepo hauendi, nikamwambia asiguse kitu. Nikapuliza mimi. Saa tatu nzima nimekaa kwenye moshi ule, naondoa kuni, nasukuma kuni, nakoroga. Macho yamenivimba. Kifua kinawaka moto. Nilikuwa nahesabu dakika ili niende kuvuta hewa uani, halafu nikawaza kwamba mimi nimekaa saa tatu, na yeye alikaa miaka ishirini na mitano akinipikia, na mimi nikiwa sebuleni namuuliza kama chakula bado. Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Makande yameliwa saa tisa. Yalikuwa na harufu ya kuungua, watu walikula. Fanueli kauma kitu kigumu, katema. Skrubu ya pili. Shavu lake limevimba. Kasafisha kinywa kwa maji, katangaza mbele ya wote kwamba kwa sababu ya kuinua sufuria, hatua ishirini za korongo hazijajazwa, na hizo ni za Hezroni, peke yake, Jumatatu. Wamepiga makofi.

Jumapili, 13 Julai

Ibadani kwaya imeimba. Eliakunda kaanza, kifua kikamkatalia ubeti wa pili, akaketi. Wengine wakaendelea bila yeye. Sikuweza kutazama mbele.

Tulipotoka begi lake lilikuwa tayari kwa Beatrice. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikamwambia asiondoke kwanza, kesho kutwa nampeleka Anderson baraza la kata, ameniuzia feni isiyofaa bila tahadhari. Akaniuliza kama ile karatasi nimeisaini au sijaisaini. Nani kamwambia habari za karatasi? Anderson ni kijana wa Lembeni, na Lembeni kuna Careen. Nchi hii hakuna siri.

Gari likaondoka. Kanipungia mkono kidogo, wa kawaida, kama anakwenda sokoni.

Nimerudi nyumbani. Jikoni pamekaa patupu. Jiko pia halipo. Kaondoka nalo, feni na betri na yote, sijui lilipandishwa garini saa ngapi. Nimekula kiporo cha makande. Chumvi sijaipata.

Jumatatu, 14 Julai

Korongo. Mimi na mawe. Saa tatu Loth kaja na jembe lake, kasimama pembeni, kaanza kujaza bila kuombwa. Nimemwambia hukumu ni yangu peke yangu. Kasema anajua, ila ana nafasi. Tumefanya hatua ishirini kabla ya saa nane. Anafanya kazi vizuri, na hapumziki. Kumbe kupumzika ni mbele ya mlango wangu tu.

Kaniambia kitu kimoja wakati wa kunywa maji. Siku ile ya Jumatano Eliakunda aliokota kila kitu migombani. Feni, kopo, betri. Alivifuta, akaviweka kwenye kopo la unga kwa Beatrice, na jana kaondoka navyo. Siku zote hizo vilikuwepo! Nimekaa kwenye moshi, nimeunguza soksi, nimebebesha watu sufuria mara saba, na feni iko kwa jirani kwenye unga. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema alikatazwa. Mama Careen alitaka aone kama nitaomba.

Kuomba nini? Sikuelewa. Nimemwuliza Loth, akainua jembe.

Usiku huu kimya kingi mno. Nimempigia Careen, nimeuliza mama anakohoa? Kasema kidogo tu, baba, na anakusalimia. Nikasema korongo limekwisha.

Jumatano, 16 Julai

Karudi!

Gari limepita korongoni bila mtu kushuka, kwenye mawe yangu mimi na Loth. Kashuka na begi na jiko. Nimelibeba mimi mpaka ndani. Kapitia Same kwa Anderson jana, karudishiwa kila kitu cha zamani, feni ile ile, kopo lile lile, betri ile ile. Anderson kaifanya kazi hiyo kwa nusu saa na skrubu tatu za kwake.

Kaweka makande ya watu wawili. Moto wa bluu, mdogo, hauna haraka. Moshi hakuna. Kopo moja, saa moja na nusu, kopo la pili, yakaiva. Akatia maziwa. Alipokuwa anakoroga akaanza kuimba ule ubeti wa pili, peke yake, taratibu, na kifua kikamruhusu. Nilikuwa mlangoni. Nilifurahi mpaka nikaona macho yananisumbua, na safari hii hakukuwa na moshi wa kusingizia. Nimemwambia karibu nyumbani, Mama Careen. Nimemwambia na pole. Neno hilo lilikuwa zito kulitoa, lakini limetoka.

Akasema asante. Halafu akatoa karatasi kwenye begi.

Mwandiko ni wa Anderson. Kwamba mimi Hezroni, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, sitagusa wala kubadilisha jiko la Eliakunda, feni yake, betri yake, kopo lake wala skrubu zake, maisha yangu yote. Kamwita Fanueli awe shahidi. Fanueli kaja na shavu lake lililovimba, kasaini kwa furaha kubwa isiyo ya lazima. Na mimi nimesaini. Mkia wa saini nimeufupisha. Karatasi imebandikwa juu ya jiko kwa gundi ya unga.

Na ninaandika hapa kwa dhati kabisa: nimekoma. Moshi ule nimeuonja. Sitagusa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeisoma karatasi mara tatu wakati chai inachemka. Dakika kumi na moja. La Loth ni tisa.

Imetaja jiko. Imetaja feni, betri, kopo, skrubu. Imeandikwa vizuri, Anderson ana kichwa cha sheria. Lakini nimetafuta juu mpaka chini, haikutaja paneli. Paneli iko juu ya bati, na juu ya bati si jiko. Hata baraza la kata lingekubali hilo.

Na ukitazama kwa haki, Jumamosi ile feni haikukosea. Ilizimika kwa sababu betri haikushiba, na betri haikushiba kwa sababu paneli ni ya mradi, ndogo kama sahani. Kila mtu kanilaumu mimi, hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama bati.

Nimempigia Anderson. Anayo paneli kubwa mara nne ya ile. Kasema nije na kalamu, karatasi atakuwa ameshaandika.

Jumatano saa nane Mama Careen ana mazoezi ya kwaya. Loth ana ngazi.